Tembo la Amu: Mnazi, Mgema na Shoka

Mwaka 1587 meli za Wareno zilizotoka Goa zilitia nanga mbele ya Faza, katika kisiwa cha Pate. Jemadari wao, Martim Afonso de Melo, alitumwa kuwatia adabu watu wa mji huo kwa kosa la kumpokea Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa akizunguka pwani na kuwachochea wenyeji wawatupe Wareno baharini. Mji ulivunjwa, mtawala wake akauawa na kichwa chake kikapelekwa Goa. Halafu askari wakageukia mashamba, wakaikata minazi kwa maelfu. Miaka miwili baadaye, 1589, Tomé de Sousa Coutinho alimkata kichwa mfalme wa Lamu kule Pate, kisha akaufanyia mji wa Manda kama ule wa Faza: nyumba chini, minazi chini.

Asiyeijua pwani atauliza mnazi umekosa nini. Wareno walijua walichokuwa wakikifanya. Nyumba ya udongo na makuti husimamishwa upya kwa msimu mmoja, na hata ya mawe ya matumbawe haichukui miaka mingi kama mafundi wapo. Mnazi mrefu wa pwani una hesabu nyingine. Hauzai mpaka ufikishe miaka sita, saba, pengine kumi, kisha huzaa kwa miaka sitini na zaidi. Anayefyeka shamba zima la minazi amewanyima wenyewe tui, mafuta ya kupikia na ya taa, makuti ya paa, kamba za vyombo na kinywaji, na amewanyima mpaka watoto wanaonyonya leo wawe watu wazima.

Kinywaji hicho, tembo, ndicho kinachosahauliwa Lamu, Amu kwa wenyeji, inapoandikiwa historia. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na anayeusifu husifu nyumba za mawe, milango ya kuchonga, misikiti na maulidi. Sifa hizo ni za haki. Lakini nyuma ya mji wa mawe kuna mashamba ya mchanga, na juu ya minazi ya mashamba hayo wamekuwako watu wenye visu viunoni ambao hakuna utenzi uliowataja kwa majina. Historia yao ni ya ugomvi mmoja unaorudi kila kizazi kwa sura mpya, na chanzo chake kimo ndani ya mti wenyewe: karara lililogemwa halizai nazi. Mwenye mnazi hana budi kuchagua. Na kila aliyekuwa na sauti katika visiwa hivi, awe mwenye shamba, mwanachuoni, liwali au DC, alikuwa na lake la kusema juu ya uchaguzi huo.

Kazi ya mgema huanza kabla ua halijafunguka. Hupanda kwa madaraja yaliyochongwa kwenye shina, kotama kiunoni na kibuyu kikining'inia, akatafuta karara ambalo bado limefumba. Hulifunga kwa kamba lisipasuke, hulilainisha kwa kuligonga kidogo kidogo na kuliinamisha siku baada ya siku bila kulivunja, kisha hukata ncha. Utomvu ukianza kutona, kibuyu hufungwa chini yake. Kuanzia hapo hakuna Ijumaa wala sikukuu. Asubuhi na jioni, na wengine hata adhuhuri, lazima apande akachonge tena kipande chembamba, maana kidonda kikikauka njia ya utomvu huziba na kazi ya wiki nzima imepotea. Mnazi mzuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku. Mgema mwenye minazi kumi na mitano hupanda na kushuka mara thelathini kati ya alfajiri na magharibi, na upepo wa kusi ukiwa umeshika hakuna anayemwonea wivu.

Kinachotoka mtini ni maji matamu, karibu asilimia 15 sukari, yasiyo na kileo hata chembe. Lakini chachu iko tayari kibuyuni, imebaki kwenye kuta zake tangu jana, na kazi huanza papo hapo. Kufikia mchana tembo linatoa povu. Jioni lina kileo cha asilimia nne au tano. Kesho yake limeshakuwa kali la kuuma ulimi, na siku chache baadaye ni siki. Hakuna anayeweza kulizuia lisigeuke, si kwa kibuyu wala kwa mtungi, na kabla ya jokofu hakukuwa na hila yoyote. Tembo hunywewa karibu na mti uliolitoa.

Jambo hilo dogo ndilo linalotenganisha historia ya kinywaji hiki na ile ya mvinyo wa zabibu. Chukua bonde la mto Loire, Ufaransa, mto wa zaidi ya kilomita 1,000 unaoshuka mpaka Nantes na bahari ya Atlantiki. Huko kila sehemu ya bonde imefunga ndoa na mzabibu wake: Chenin Blanc kule Vouvray na Anjou, Cabernet Franc kule Chinon, na karibu na Nantes ule unaoitwa Melon, uliotapakaa baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu iliyokuwapo. Mvinyo huo ulipakiwa mashuani ukashuka mto, ukanunuliwa na wafanyabiashara wa Kiholanzi, ukavuka bahari. Kwa kuwa ulisafiri ulihitaji jina, na kwa kuwa ulihitaji jina ulipata karani wa kuliandika. Tembo la Amu halikuwahi kuvuka mlango wa bahari likalala ng'ambo likaamka lile lile. Hakuna pipa, hakuna chapa, hakuna daftari la forodha. Ndiyo sababu mwanahistoria anayelitafuta lazima alitafute kando kando: kwenye nyimbo, kwenye fikihi, kwenye amri za serikali, na kwenye shoka la Mreno.

Kuna tofauti nyingine ambayo wapenzi wa mvinyo huwa hawaifikirii. Mzabibu huoteshwa kwa kipande cha tawi, kwa hiyo Chenin ya leo ni mmea ule ule wa karne nyingi zilizopita, umekatwa na kuoteshwa tena na tena. Mnazi mrefu hauoti kwa tawi, maana hauna matawi. Huoteshwa kwa nazi, na nazi yake imechavushwa kwa chavua ya mnazi mwingine. Kwa hiyo kila mnazi mrefu ni mtu na tabia zake. Mgema hajui aina, anajua miti: huu una karara nene, ule hutoa sana baada ya mvua za masika, na ule wa ukingoni haufai kupandwa hata ukibembelezwa. Maarifa ya namna hiyo hayaandikiki kwenye lebo, na mgema akifa huondoka nayo nusu.

Divai ya zabibu yenyewe, kwa taarifa, ilifika pwani hii kabla ya Uislamu na kabla ya miji ya mawe. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinasema wafanyabiashara waliokwenda kusini kuelekea Rhapta walibeba divai na ngano si kwa ajili ya kuuza bali kuwatuliza wenyeji na kujipatia urafiki wao. Kitabu hicho hicho kinataja visiwa vya Pyralaai na mfereji wake, na wapo wataalamu wanaoviona kuwa ndivyo visiwa hivi vya Lamu. Kama ni kweli, basi chupa ya kwanza ya takrima katika eneo hili ina umri wa miaka karibu elfu mbili, na aliyepewa hakuombwa kulipa siku ile ile.

Mnazi nao ni mgeni, ila mgeni aliyekaa mpaka akaitwa mwenyeji. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Bee Gunn walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande zote za dunia. Waligundua koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki imechanganya damu ya pande zote mbili. Maelezo yao ni kwamba mabaharia waliotoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, wale wale waliokwenda kuikaa Madagaska, walipita na nazi zao. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyeondoka kisiwa cha Qanbalu kwa mara ya mwisho mnamo mwaka 916, aliandika kwamba Wazenji walikuwa na visiwa vingi vyenye minazi na kwamba nazi zililiwa na watu wote. Wakati huo Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, ulikuwa tayari mji wenye msikiti, na Manda ilikuwa ikipokea vyungu vya Uajemi na vya Uchina.

Katika Kiswahili cha zamani cha visiwa hivi tembo liliitwa pia uchi, na aliyeusifia uchi kuliko wote ni Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye masimulizi humweka Pate, Shaka na maeneo ya mto Ozi. Wataalamu hawajaafikiana aliishi karne ipi. Katika nyimbo zinazonasibishwa naye, zilizoimbwa kwenye ngoma za gungu, uchi wa mnazi na wa mkoma haukufichwa chini ya meza. Umo kwenye karamu pamoja na tambuu, marashi na mashairi ya kufumba. Lilikuwa jambo la waungwana kukaa, kunywa na kushindana kwa ulimi.

Mkoma unastahili tutue kwake kidogo, kwani ndugu huyu wa mnazi ndiye aliyekuwa mwenyeji halisi. Unaota bila kupandwa, kuanzia bara la Lamu mpaka delta ya mto Tana, unagemwa vile vile, na matunda yake magumu huliwa. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alipouandika Utendi wa Fumo Liyongo, mkoma ulipata nafasi yake. Maadui wa Liyongo walifanya kikoa cha kula makoma, kila mtu siku yake kupanda na kuangusha matunda, wakipanga kwamba zamu ya Liyongo ikifika watampiga mishale akiwa juu ya mti. Liyongo hakupanda. Alisimama chini akayatungua makoma kwa mshale. Msomaji wa leo hucheka ujanja wake, lakini yeyote aliyewahi kumtazama mgema akiwa juu, mikono yote miwili kazini na hana pa kukimbilia, anaelewa kwa nini maadui waliuchagua mti ule.

Baada ya Liyongo, nyimbo na elimu viliachana na uchi. Lamu na Pate zilikuwa miji ya wanavyuoni, na hukumu ya kileo haina utata. Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba dini ilikifukuza kibuyu mjini moja kwa moja. Watu wa visiwa hivi ni wa madhehebu ya Imam Shafii, na katika fikihi yao hukumu hufuata hali ya kitu. Utomvu mtamu usiolevya haujaharamishwa. Ukishalevya, ni haramu na ni najisi. Na ukigeuka wenyewe kuwa siki, bila kutiwa kitu, umerudi kuwa halali na safi. Kibuyu kimoja, basi, hupita hukumu tatu katika siku chache bila mtu kukigusa. Jikoni mlango huo ulitumika vizuri. Siki ya tembo iliingia kwenye achari za maembe na ndimu, na katika mapishi ya zamani ya pwani mikate ya unga wa mchele iliumuliwa kwa tembo bichi kabla hamira ya kopo haijafika madukani. Utomvu uliochemshwa mapema uligeuka asali nzito ya kahawia. Bibi aliyemtuma mtoto shambani asubuhi na mapema hakuwa amemtuma kuvunja sheria ya Mungu, alimradi mtoto asicheze njiani.

Upande wa pili wa mti, upande wa nazi, ulikuwa na watetezi wengi zaidi. Hesabu ya nazi ni ndefu, na watu wa pwani wameipa kila hatua jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mpaka mbata. Tui ndilo msingi wa chakula. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi, bahari ikajaa na kukupwa juu yake, kisha wanawake wakayafukua na kuyaponda mpaka usumba ukatoka, na usumba ukasokotwa kamba. Kwa kamba hizo ndipo mitepe iliposhonwa, vile vyombo vya Wabajuni visivyo na msumari, mbao zake zimefungwa kwa kushonwa na tanga lake ni la mkeka. Mtepe wa mwisho ulitoweka baharini katika sehemu ya kwanza ya karne ya 20, na leo sura yake inaonekana kwenye mifano ya makumbusho. Kila karara lililogemwa lilikuwa na upungufu wake mahali fulani: nazi kadhaa jikoni, pima kadhaa za kamba kwa fundi.

Kulikuwa pia na minazi ya wakfu. Mtu aliweza kuacha miti yake kwa msikiti, mapato ya nazi yakanunua mafuta ya taa na mikeka. Desturi ya pwani ilikubali mtu amiliki mti bila kumiliki ardhi iliyo chini yake: aliyepanda ndiye mwenye mti. Basi shamba moja laweza kuwa na mnazi wa msikiti, wa mjane, wa mtoto yatima na wa tajiri anayekaa mtaa wa Mkomani mjini, yote ikipigana vikumbo kwa majani. Mgema aliyeingia shamba kama hilo alihitaji kumbukumbu nzuri kuliko miguu mizuri.

Katika vita vya Shela, kisiwani Lamu, mnamo 1812, Amu iliwashinda Pate na Mombasa kisha ikajiweka chini ya mkono wa Sultani wa Omani. Ilitajirika. Wenye nyumba za mawe walikuwa na mashamba ya minazi na miembe kisiwani na mashamba ya nafaka na simsim bara, na waliolima walikuwa watumwa. Kupanda mnazi hakukuwa kazi ya mungwana. Aliyekwea alikuwa mtumwa, au mzalia, au mtu wa nje aliyepewa ruhusa, na hapo ndipo ugomvi wa mti ulipogeuka ugomvi wa watu. Mwenye shamba anayekaa mjini hawezi kujua makarara mangapi yamefungwa kamba usiku. Anachokijua ni kwamba nazi zimepungua. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji hutajwa siku hizi kuwaonya wanafunzi na wanasiasa, lakini waliotangulia kuisema walikuwa wanunuzi wenye malalamiko halisi: kinywaji kisichoweza kuwekwa kwa akiba ni rahisi kuongezwa, na mnunuzi hugundua akiwa amekwisha kulipa.

Uingereza iliitangaza himaya yake juu ya milki ya Sultani wa Zanzibar mwaka 1890, na mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika ukanda wa pwani. Mashamba makubwa ya Lamu yalibaki na minazi lakini hayakubaki na mikono. Waliokuwa watumwa walilima vyao au walikwenda mjini. Wenye miti walianza kukubaliana na wagema kwa namna ambayo pwani nzima inaijua: mgema hukodi miti au hugawana na mwenyewe, na mwenye shamba Mwislamu hupokea kodi yake bila kuulizia sana kinachoingia kibuyuni. Baada ya muda wagema wengi katika eneo hili walikuwa Wagiriama na Wamijikenda wengine waliopanda kaskazini kutoka Kilifi na Malindi wakitafuta ardhi. Kwao tembo halikuwa jambo la kuonea haya. Mahari, mazishi, sadaka kwa koma, yaani mizimu ya wazee, na usuluhishi wa wazee vyote vilipitia kwenye mnazi, na mzee alinywa kwa mrija kutoka kwenye kata huku kesi ikisikizwa. Mjini Lamu elimu ya Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Saleh, ilikuwa imeupa mji heshima mpya ya dini. Mashambani, vibuyu viliendelea kupanda na kushuka.

Mzungu mtawala alikuwa na hofu mbili zisizopatana. Aliogopa kwamba wafanyakazi watalewa, na aliogopa kwamba nazi zitapungua, kwani mbata ilikuwa bidhaa ya kuuza ng'ambo na mafuta yake yalihitajika kwa sabuni na siagi ya bandia. Kwa hofu ya kwanza alitunga sheria za pombe za wenyeji na leseni zake. Kwa ile ya pili alitunga sheria mbili za mnazi, moja ya kuhifadhi mti na nyingine ya biashara ya zao lake. Sheria hizo mbili zilirithiwa na Kenya huru zikakaa vitabuni kama Sura ya 331 na Sura ya 332. Adui aliyekuwa akiwasumbua wakulima kweli kweli, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi na kuzaliana kwenye magogo yaliyooza, hakusoma hata moja.

Uhuru haukuleta utulivu mara moja katika sehemu hii. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara, mashamba yakageuka pori. Kuanzia miaka ya 1970 mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, ulileta wakulima kutoka bara ya mbali, wakapanda mikorosho, miembe na minazi pale ambapo Amu ya zamani ilikuwa na mashamba yake ya nafaka. Kisiwani, watalii walianza kuja. Peponi Hotel ilifunguliwa Shela mwaka 1967, na baa yake ikawa mahali ambapo chupa iliyosafiri nusu ya dunia hufunguliwa mita chache kutoka kwenye minazi. Muscadet ya Loire, ule mvinyo wa mzabibu wa Melon, hufika Shela ikiwa nzima. Tembo la kijiji cha Hindi, bara ya Lamu, lililogemwa leo upande wa pili wa maji, likipelekwa Nairobi kwa basi hufika likiwa siki, kama kifuniko hakijaruka njiani.

Utalii ulibadilisha pia hesabu ya mwenye mnazi. Mgeni anataka dafu, na dafu hulipa haraka kuliko nazi. Hapo ndipo mnazi mfupi, ule wanaouita mkitamli, ulipopata soko. Mkitamli huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, maji yake ni matamu, na mtoto anaweza kuangua dafu kwa mkono. Tofauti na mnazi mrefu, hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mama, jambo linaloukaribisha kidogo na mizabibu ya Wafaransa. Mbao zake na makuti yake, hata hivyo, si kitu mbele ya mnazi mrefu, na nazi yake haina tui zito la kupikia wali wa harusi. Wazee wengi huupanda karibu na nyumba na kuuacha mrefu utawale shamba.

Sheria nayo ilirudi kwenye mti. Mwaka 2007 serikali ya Kenya iliunda mamlaka ya kuendeleza zao la nazi. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Vileo, iliyofuta marufuku ya zamani ya chang'aa pamoja na sheria ya leseni za vileo na kuweka vileo vyote chini ya paa moja. Iliamuru baa zifunguliwe kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku siku za kazi, na saa 8 mchana mwishoni mwa wiki. Saa hizo zilipangwa kwa ajili ya bia, ambayo chupa yake haijali ni saa ngapi. Kwa mgema zina maana nyingine. Tembo la alfajiri, lile tamu ambalo wanywaji wazee hulipenda na ambalo lina kileo kidogo kabisa, ndilo linalokatazwa. Linaloruhusiwa ni lile lililokaa mchana kutwa likachacha. Sheria iliyokusudiwa kupunguza ulevi ikamwelekeza mnywaji kwenye kibuyu kikali zaidi, na sijui kama aliyeiandika aliwahi kuonja vyote viwili siku moja.

Miaka mitatu baadaye Sheria ya Mazao ya 2013 ilizifuta Sura ya 331 na Sura ya 332, na mamlaka ya nazi ikawa idara ndani ya taasisi kubwa ya kilimo na chakula. Chini ya katiba ya 2010 leseni za vileo zilikuwa zimeshakabidhiwa kaunti. Kwa hiyo mkulima wa Hindi au Mkunumbi, kule bara, mwenye minazi ishirini, kumi ya nazi na kumi aliyompa mgema, ana miti ya aina moja kwenye mchanga mmoja na serikali mbili juu yake: ya kilimo kwa ile yenye nazi, ya leseni za pombe kwa ile yenye vibuyu. Mnazi unaobadilishwa msimu huu kutoka upande mmoja kwenda mwingine hubadilisha ofisi bila kusogea, na karara jipya likitokea mwezi ujao mwenyewe na mgema watakaa tena chini yake kupatana.